Sekunde Arobaini na Moja

Namtaja kwanza Mwenye kumiliki pumzi, Aliyeivuvia katika udongo pasipo kuombwa, na Atakayeitwaa pasipo kutushauri. Kwa idhini Yake nayasimulia haya, na kwa kumcha Yeye najizuia nisiyaongeze wala nisiyapunguze.

Wa kwanza katika habari hii ni Delmer Slone wa bonde la Caney, milimani mashariki mwa Kentucky, mtu wa miaka sitini na mmoja, aliyefunga paa la mgodi wa makaa ya mawe kwa miaka ishirini na saba. Kazi ya mfunga paa ni kuutoboa mwamba ulio juu ya kichwa chake na kuukaza kwa vyuma virefu ili usiwaangukie wenzake. Vumbi la mwamba humshukia usoni mchana kutwa. Analoweza kulitema hulitema, na lililosalia huwa lake maisha. Wa pili ni mkewe, Lavada, mpishi wa shule ya watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukata, ambaye hakukosa ibada ya kanisani kwao tangu alipobatizwa mtoni. Wa tatu ni Estill Napier, dereva wa gari la kubebea makaa, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa hatua ishirini nyuma ya mgongo wa Delmer. Vumbi lilimchagua mmoja likamwacha mwenzake. Hakuna aliyemlaumu Estill kwa jambo hilo, ila yeye mwenyewe.

Sebuleni mwa akina Slone mashine ya oksijeni ilinguruma bila kupumzika. Mrija wa plastiki wenye urefu wa futi hamsini ulitoka humo, ukapita chini ya meza, ukazunguka mlango wa jikoni, na kuishia puani mwa Delmer. Lavada alikuwa amezoea kuuruka bila kutazama chini, hata akiwa amebeba sufuria ya maharage.

Tangu miaka mitano nyuma Delmer alikuwa akiidai kampuni fidia ya kifua chake. Madaktari wa kampuni walisema kwanza ni pumu. Kisha wakasema ni zile sigara alizoziacha akiwa na miaka thelathini. Sasa siku ya kusikilizwa shauri ilikuwa imepangwa, na zilisalia siku kumi na tisa. Wakili wao, mama mmoja wa makamo aitwaye Paulette Hager, alikuja mwenyewe hadi Caney, akala kipande cha mkate wa mahindi, akazungumza bila kuzungusha.

"Akishinda akiwa hai, Bi Lavada, fidia inakuja kwako siku atakapoondoka. Huulizwi swali. Akishindwa, utaanza upya, peke yako, na utatakiwa uthibitishe kilichomuua."

"Kila mtu hapa anajua kitakachomuua."

"Jaji si mtu wa hapa." Paulette akamgeukia Delmer. "Kwa hiyo mrija puani, Bwana Slone. Popote palipo na macho ya watu. Kampuni inawalipa watu kukaa ndani ya gari na kamera. Ukienda kuchukua barua kwenye sanduku, mrija. Kanisani, mrija."

"Na chooni?"

"Choo kina dirisha?"

"Kina kidirisha."

"Basi mrija."

Delmer alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua robo saa yao nzima.

*

Siku tatu baadaye Estill alisimama mlangoni, kofia mkononi, na katika kofia mlikuwa na tiketi mbili.

"Shemeji, nimekuja kumwazima mumeo."

"Delmer si koleo, Estill, hata aazimwe."

"Siku mbili tu. Jumapili jioni namrudisha, nimemfuta na kumtia mafuta."

Tiketi zilikuwa za tamasha la Boyd Larrimore, mjini Bristol, ng'ambo ya mpaka wa Tennessee. Larrimore alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa ametangaza kwamba huo ndio mzunguko wake wa mwisho. Nyimbo zake za kantri ndizo walizoziimba mgodini wakati wa kula, taa za kofia zikiwa zimeelekezwa chini ili wasitiane upofu. Estill alikuwa akiipiga ndoo yake ya chakula kama ngoma, na Delmer akicheza juu ya ubao uliowekwa topeni. Alicheza ile ngoma ya milimani, kiwiliwili kikitulia na mikono ikining'inia, nyayo peke yake zikisema. Ni kwa nyayo hizo alivyompata Lavada, katika ukumbi wa shule, kabla ya kushika chuma chochote.

"Mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi," Lavada alisema. "Jua kali. Umati. Akizidiwa?"

"Nitambeba."

"Una miaka sitini na tatu."

"Nimewahi kubeba vizito zaidi ya yeye. Hebu mwangalie, amebaki kofia na viatu."

Delmer alikuwa amezishika tiketi, akizigeuza mbele na nyuma, na Lavada alipouona uso wake alikumbuka kwamba hajauona hivyo tangu majira ya baridi. Akaingia chumbani. Alirudi na mitungi kumi na miwili ya oksijeni, mmoja mmoja, akaipanga ukutani. Akabandika karatasi kwenye kila mmoja na kuandika saa ya kuufungua na saa ya kuubadilisha, maana kila mtungi ulikuwa na pumzi ya saa tano. Mwisho alichukua ule ufunguo mdogo wa kufungulia valvu, akautia uzi wa kiatu, akamvika Estill shingoni.

"Huu ukipotea, yote hii ni vyuma chakavu."

"Nimeelewa, shemeji."

"Na ule mrija?"

"Hautoki puani. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama yako yu hai, Estill, yuko Hazard kwa dada yako."

"Basi kwa kaburi atakalozikwa."

*

Waliondoka Ijumaa kwa pikapu ya Estill. Njiani walikula soseji na mkate wenye mchuzi mzito katika kibanda kilichokuwa na picha za Larrimore ukutani, na Estill akambishia mwenye kibanda juu ya mwaka ulipotoka wimbo fulani, na akashindwa, na akakataa kukiri. Delmer alitazama milima ikipungua. Alijisikia kama mtoto aliyetoroshwa shule.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya ghorofa mbili, na chumba chao kilikuwa juu.

"Niliagiza cha chini," Estill alimwambia msichana wa mapokezi.

"Vya chini vimejaa, baba. Kuna tamasha."

"Huyu mwenzangu ana kifua."

Msichana alimtazama Delmer, akautazama mrija, akayahamisha macho haraka. "Anaweza kupanda polepole," akasema.

Ngazi zilikuwa kumi na sita. Delmer alizipanda kwa dakika kumi na moja, akisimama kila baada ya mbili, na kila aliposimama wageni wengine walisubiri nyuma yake wakiwa na mabegi na makopo ya bia, kimya, kwa adabu ambayo ilimchoma kuliko matusi. Kijana mmoja aliuliza kama amwitie mtu. "Niitie lifti," Delmer alijibu, na watu wakacheka kwa kuona wameruhusiwa.

Kesho yake, kwenye lango la uwanja, mlinzi aliunyooshea mtungi kidole.

"Vyombo vya gesi haviingii."

"Si gesi ya kuchomea," Estill akasema. "Ni hewa yake."

"Kanuni haisemi ya kuchomea wala ya nini. Ana barua ya daktari?"

Hawakuwa na barua. Delmer alisimama juani nusu saa nzima wakati mkubwa wa walinzi akitafutwa, foleni ikimpita pembeni, wanawake waliovaa viatu virefu vya wachunga ng'ombe wakiwavuta watoto wao wasije wakaukanyaga mrija. Alipofika, yule mkubwa alikuwa mtu mzima mwenye alama za buluu usoni, kama zile ambazo makaa huacha chini ya ngozi. Hakuuliza barua. Aliinama, akaubeba mtungi mwenyewe mpaka kwenye safu ya mbele, ile iliyotengwa kwa wasiojiweza, akasema, "Mgodi gani?"

"Namba Nne, Rook Branch."

"Mimi nilikuwa Virginia." Akaenda zake.

*

Larrimore aliimba akiwa ameketi. Sauti ilikuwa imepungua, lakini pale ilipopungua watu waliijaza. Estill aliimba akilia bila kujificha, na Delmer aliimba kwa kusogeza midomo tu, maana pumzi ya kuimba hakuwa nayo. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu ya majukwaa, vijana wawili walileta ubao wa mwaloni wakaulaza chini mbele ya jukwaa.

Waliokuwa wakimfuata mzee yule walijua maana yake. Hakuna tamasha lake lililomalizika bila ubao. Mpiga fidla aliingia na wimbo wa zamani usio na maneno, na Larrimore akauliza kwa kipaza sauti kama alivyouliza kwa miaka arobaini:

"Nani hapa ameingia chini?"

Mikono ikainuka. Mmoja baada ya mwingine, wazee wa migodi walitoka, wakaukanyaga ubao kwa muda mfupi, kila mmoja akilitaja kwanza jina la mtu ambaye hakupanda juu. Halafu wakarudi kwenye viti, na watu wakawapigia makofi kama wapiganaji waliorejea.

Delmer alikuwa akimkumbuka Arlis Watts. Paa lilimwangukia Arlis siku ambayo Delmer alikuwa nyumbani na homa, na aliyefunga paa siku ile alikuwa mgeni wa kazi. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na jina lile hakuwa amelitamka mbele ya watu hata mara moja.

Aliupandisha mrija juu ya masikio, akautoa puani, akamkabidhi Estill.

"Shika."

"Delmer. Paulette alisemaje?"

"Paulette hayupo."

"Na Lavada? Nimeapa, bwana."

"Umeapa kwa kaburi lisilo na mtu. Dakika moja, Estill. Nani ataukanyaga ubao ule akivuta mtungi kama mbuzi?"

Zilikuwa hatua kumi na mbili. Alizitembea wima. Alipofika alisema, "Arlis Watts," na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia, kisha akaanza.

Nyayo hazikuwa zimesahau. Kisigino kilijibu kidole, kidole kikaiita fidla, na mwili wote juu ya kiuno ulitulia kama maji ndani ya ndoo iliyobebwa na mtu anayejua kubeba. Kwa muda ule Delmer hakuwa na mashine, wala madaktari, wala shauri. Alikuwa na ubao na miguu. Uwanja ulisimama. Estill, bila kufikiri, alitoa simu akaiinua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akalipiga paja lake kama alivyokuwa akiipiga ndoo. "Hayaa, Slone!" alipiga kelele. "Hayaa!"

Kisha akaiona midomo ya rafiki yake imegeuka rangi, na simu akaitia mfukoni, akakimbia.

Alimpokea kabla ya magoti kugusa ubao. Akambeba kama alivyoahidi, mikononi, mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza. Muuguzi wa kujitolea alimtia kidoleni kipimo cha oksijeni ya damu, akakisoma, akakisoma tena.

"Sabini na moja kwa mia," akasema. Uso wake ulieleza kilichobaki. "Naita gari la hospitali."

Delmer alitikisa kichwa. Ilichukua dakika nyingi, mrija ukiwa umerudi puani na valvu imefunguliwa hadi mwisho, kabla hajaweza kutoa neno. Muuguzi alikuwa ameshachukua fomu na kalamu.

"Jina lako nani, mzee?"

"Usiandike."

"Lazima niandike. Ulikuwa karibu kufa hapa."

"Mama, nakuomba." Aliushika mkono wake wenye kalamu. "Nina shauri. Kampuni ikisikia nilicheza, nimekwisha. Usiandike jina. Usiandike kitu. Mke wangu ndiye atakayeumia."

Muuguzi alimtazama Estill.

"Anasema kweli," Estill akasema. "Watu wa kampuni wanasoma kila karatasi."

Yule mwanamke, naye binti wa mchimba makaa, aliikunja fomu mara mbili na kuichana. Alidhani amewatendea wema, nao wakamshukuru kwa wema huo.

*

Nyumbani waliyaficha yote. Estill alimrudisha Jumapili jioni kama alivyoahidi, akaurudisha ufunguo na uzi wake, na Lavada alipohesabu mitungi alikuta mmoja umekwisha kabla ya saa yake.

"Jua lilikuwa kali," Delmer alisema.

Usiku ule ule Estill alikaa jikoni kwake peke yake, akaitazama ile video mara nyingi. Ilikuwa na urefu wa sekunde arobaini na moja. Hakumwona mgonjwa ndani yake. Alimwona mwenzake kama alivyokuwa, na akaona ni dhambi kuwanyima wengine. Palikuwa na ukurasa mtandaoni wa wafanyakazi wa zamani wa Namba Nne na wajane wao, watu mia mbili waliokuwa wakipashana habari za vifo na ndoa. Mle ndani Estill alijiona kama yuko chini ya mlima, ambako mtu hamfichi mwenzake kitu kwa sababu wote hutegemea paa moja. Akaiweka video, akaandika juu yake: *Makaa hayajamuua Slone bado.*

Katika mia mbili wale alikuwamo mmoja aliyekuwa bado akila mkate wa kampuni.

Jumanne Lavada alionyeshwa video na mpishi mwenzake, mama mjane, aliyekuwa akifuta machozi. Aliitazama hadi mwisho amesimama, mkono ukiwa katika unga. Aliporudi nyumbani hakuvua koti.

"Umecheza."

Delmer aliizima redio. "Kidogo."

"Si kidogo. Ulicheza kama ulivyocheza ukumbini siku ile." Aliketi mbele yake, akamshika magoti kwa mikono yote miwili. Kwa kitambo alikuwa msichana. "Miaka tisa hujacheza, Delmer. Nilidhani nimeshauona mwisho wake." Halafu mikono ikalegea. "Mrija ulikuwa wapi?"

Delmer aliugusa mrija chini ya pua yake.

"Mrija ulikuwa wapi, Delmer?"

Estill aliifuta video kabla ya saa moja kwisha. Alikuja mwenyewe kueleza, akasimama nje kwenye baraza, na Lavada akaongea naye kwa kupitia wavu wa mlango bila kuufungua.

"Nimeifuta, shemeji. Haipo tena."

"Umefuta yako."

*

Chumba cha shauri kilikuwa kidogo, kina bendera moja na mashine ya maji. Wakili wa kampuni aliitwa Whitcomb, kijana mwenye adabu nyingi, aliyemsaidia Delmer kusogeza kiti. Alingoja mpaka ripoti za madaktari wote zisomwe. Kisha akaweka kompyuta mezani, akaigeuza kidogo ili Delmer naye aone vizuri.

Sekunde arobaini na moja. Fidla, vifijo, nyayo. "Hayaa, Slone!" Jaji aliomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Huyu ni wewe, Bwana Slone?"

"Ni mimi."

"Siku kumi na tatu zilizopita?"

"Ndiyo."

"Naona hukuvaa oksijeni."

"Nilimpa mwenzangu aishike."

"Na maneno haya yaliandikwa na mwenzako?" Whitcomb aliyasoma polepole, bila kejeli yoyote sautini, na hilo ndilo lililoyafanya yaume. "'Makaa hayajamuua Slone bado.'"

Paulette alimwita Estill. Alikuja amevaa suti ya mazishi, akaapa, safari hii kwa Mungu. Akaeleza midomo ilivyogeuka rangi, magoti yalivyokatika, hema, kipimo, sabini na moja.

Whitcomb aliinuka. "Bwana Napier, hayo ya hema yamo katika video?"

"Hayamo."

"Kwa nini uliacha kupiga picha pale?"

"Mikono yangu ilikuwa imembeba yeye."

Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Kwa nukta moja ilionekana kama kitu kimesogea ndani ya chumba. Whitcomb aliinamisha kichwa, kama mtu anayetoa heshima, kisha akauliza:

"Bila shaka muuguzi aliandika vipimo hivyo. Tunaweza kuiona hiyo karatasi?"

Estill alimtazama Delmer. Delmer alitazama mikono yake.

"Hakuna karatasi," Estill alisema.

"Jina la muuguzi?"

"Hatukumuuliza."

"Asante. Sina swali lingine."

Paulette aliuandikia uwanja barua baada ya barua, na akajibiwa kwamba siku ile hema la huduma ya kwanza halikuandika mgonjwa yeyote kwa jina hilo.

*

Barua ya hukumu ilifika majani yalipokuwa yakianguka. Ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na video ilikuwa katika ukurasa wa kumi na sita. Jaji aliandika kwamba mdai anao ugonjwa wa vumbi kwa kiasi fulani, lakini haikuthibitika kwamba ugonjwa huo umemlemaza kabisa. Paulette alisema watakata rufaa. Aliposema hivyo alimwangalia Delmer, ambaye sasa alikuwa akilala kitini kwa sababu kitanda kilimsonga, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba rufaa huchukua miaka miwili.

"Kuna njia moja iliyobaki kwa ajili ya Bi Lavada," akasema. "Mnaijua. Familia nyingi humu bondeni zimeipita."

Waliijua. Mchimba makaa akifa, mapafu hutolewa, yakakatwa vipande, yakapelekwa kwa daktari ayahesabie vumbi. Mwamba uliomo ndani ndio ushahidi ambao hakuna wakili anayeweza kuuchezesha kwa fidla.

"Hapana," Lavada akasema. "Nitamzika mzima. Siku ya kufufuliwa atainuka na kila alichopewa."

"Lavada."

"Nimesema hapana. Wameshamchukua akiwa hai. Na maiti pia?"

Delmer alingoja hadi pumzi ya kutosha ikusanyike. Siku hizi alizungumza kwa sehemu, kama mtu anayelipa kwa senti.

"Aliyenipa hayo mapafu," akasema, "alinipa yaliyo safi." Akapumzika. "Hayo meusi ni ya kampuni." Akapumzika tena. "Waache wayachukue yao."

Lavada aliuweka uso wake mezani. Mashine ilinguruma. Baada ya muda mrefu alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, akaivuta karatasi ya ridhaa aliyoileta Paulette, akaisogeza mbele ya mumewe.

Delmer alitia sahihi. Paulette alisema mke naye atie, naye akatia. Kisha alisema anahitajika shahidi asiye wa nyumba.

Estill alikuwa barazani. Tangu siku ile ya wavu alikuja kila asubuhi, akapasua kuni, akaondoka bila kubisha. Lavada aliuruka mrija, akaenda, akafungua mlango, safari hii pamoja na wavu.

"Ingia," alisema. "Kuna mahali pa jina lako."

Aliingia, akaisoma karatasi amesimama, neno kwa neno, na alipofika mwisho hakuweza kuishika kalamu. Delmer alimtazama kutoka kitini.

"Andika, mwenzangu," alisema. "Safari hii," akavuta pumzi, "usiache kabla haijaisha."

Estill aliandika jina lake lote, na tarehe, na mahali, kwa herufi kubwa za mtu ambaye hataki yeyote aseme hazisomeki.

Ewe Mwenye pumzi, Usiyesahau kilichoandikwa na kisichoandikwa: mpunguzie Delmer Slone uzito wa siku zilizosalia. Mpe Lavada nguvu ya kuilinda sahihi yake siku itakapodaiwa. Mpe Estill usingizi. Na wale walioko chini ya mlima saa hii, wenye kutoboa na wenye kubeba, wapandishe juu jioni wakiwa wametimia, na uyahifadhi vifuani mwao yale Uliyowapa yakiwa safi.